Lisbon kwa Msafiri Mswahili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu niliporudi kutoka Lisbon safari ya kwanza, maswali hayajakatika: ya shangazi kwenye simu, ya maharusi wanaotafuta pa kwenda fungate, ya vijana wenye viza mkononi na siku nne tu za kukaa. Mengi ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Jibu likigusa jambo lililoelezwa mahali pengine, nimekuelekeza huko. Bei na saa za kufungua hubadilika, kwa hiyo zihakikishe kabla hujafunga sanduku.

## Mambo ya msingi

Lisbon iko wapi, na ni mji wa baharini kweli?

Ni mji mkuu wa Ureno, pembeni kabisa mwa Ulaya upande wa kusini-magharibi. Mji wenyewe una wakazi wapatao 545,000. Ukijumlisha na miji inayouzunguka, watu wanakaribia milioni tatu.

Kuhusu bahari, mji umekaa mdomoni mwa mto Tejo, kilomita chache kabla mto haujaingia Atlantiki. Lakini neno mto lisikudanganye. Mbele ya mji maji yanapanuka mpaka Wareno wenyewe hupaita Mar da Palha, yaani Bahari ya Majani Makavu, na yanajaa na kupwa kama ya kwetu. Nenda kwenye uwanja mkubwa wa Praça do Comércio, ukingoni mwa maji. Pale pana ngazi za mawe zinazoshuka katikati ya nguzo mbili, panaitwa Cais das Colunas. Maji yakipwa unashuka mpaka vidato vya chini, vyenye mwani wa kijani na utelezi. Yakianza kujaa, vidato vinamezwa kimoja baada ya kingine, na watu waliokaa wanapanda juu huku wanacheka. Aliyekulia pwani akikaa pale nusu saa, pua yake itamjibu kama huu ni mji wa bahari au si wa bahari.

Miji ya bahari Ulaya ni mingi. Kwa nini Lisbon?

Kama haja yako ni mchanga na kuogelea tu, nitakwambia ukweli: Diani na Nungwi zinaishinda, na nauli ni ndogo. Nice na Barcelona nazo zina fukwe katikati ya mji, Lisbon haina.

Sababu yangu ni nyingine. Sijaona mji wa Ulaya ambao pwani yetu imo ndani yake kama huu. Dhahabu ya Kilwa iko pale, unaiona kwa macho. Nahodha aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498 amezikwa pale. Maneno kadhaa ya mezani kwako yalipita pale kabla ya kufika kinywani mwako. Mama yangu ni mtu wa Kilwa Kivinje, nami nimekua nikisikia habari za Wareno kama habari za watu waliokuja, wakavunja, wakaondoka. Lisbon ndiko nilikoona upande wa pili wa habari ile: vitu vilikofikia.

Na zaidi ya hayo, mji ni mzuri. Umepanda na kushuka vilima, majani ya miti yanafika mpaka barabarani, nguo zimeanikwa madirishani, na jua la jioni likipiga kuta za vigae vya rangi mtu anasimama bila kupanga kusimama.

Niende miezi gani?

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti kuna joto la nyuzi 28 na zaidi, na watu wamejaa. Kuanzia Novemba hadi Februari ni mvua na baridi ya nyuzi 8 hadi 15, ambayo kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ni baridi ya kweli, kwa sababu nyumba nyingi za zamani hazina mtambo wa joto.

Ukiweza kuchagua, uwe pale usiku wa Juni 12 kuamkia 13, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, aliyezaliwa Lisbon. Mitaa ya Alfama, sehemu ya kale ya mji, inajaa moshi wa sardini wanaochomwa mlangoni kwa mtu. Kila dirisha lina kijungu cha mmea mdogo wa duara uitwao manjerico, wenye ua la karatasi na kikaratasi cha shairi. Niliinama kuunusa, bibi mmoja akanishika mkono: hawaunusi kwa pua, wanasema utanyauka. Unaugusa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja. Nilipofanya hivyo nikarudi nyumbani kwetu mara moja. Ni jamii ya mrihani, harufu ileile ya kikuba cha harusi.

Siku ngapi zinatosha?

Nne kwa mji, sita ukiongeza miji jirani ya Sintra na Cascais. Chini ya tatu utakimbia tu. Kama unapita baina ya ndege mbili, angalia swali la mwisho kabisa.

## Viza, safari na pesa

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na kwa viza hiyohiyo unaweza kuvuka kwenda Hispania au Ufaransa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe chini ya siku 15. Mimi nashauri miezi mitatu, maana kupata miadi kwenyewe ni kazi.

Wanaonyimwa wengi hawakosi pesa, wanakosa mpangilio. Taarifa ya benki ionyeshe mshahara unaoingia kila mwezi, si fungu kubwa lililoingia wiki iliyopita. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Barua ya kazini iseme tarehe unayorudi. Na ombi lipelekwe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi: ukiomba Ureno huku hoteli zote ni za Paris, umejinyima mwenyewe.

Kuna ndege ya moja kwa moja?

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, hapana. Watu hupitia Dubai, Istanbul, Paris au Amsterdam. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, na metro inaanzia hapohapo uwanjani. Tofauti ya saa ni ndogo: Lisbon iko nyuma yetu kwa saa mbili kiangazi na tatu wakati wa baridi, kwa hiyo uchovu wa safari huisha siku moja.

Ni ghali?

Kwa Ulaya ya magharibi si ghali sana, ila malazi yamepanda mno miaka hii, mpaka wenyeji wa Alfama wanahama kwa kushindwa kodi. Ukilala Almada, ng'ambo ya mto, unapunguza gharama na kila asubuhi unavuka kwa feri. Hotelini kuna kodi ya mji, yuro 4 kwa mtu kwa kila usiku, kwa siku zisizozidi saba, nayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoona ulipoagiza.

Pesa nyingine huponyoka mezani. Usiku wangu wa kwanza mhudumu aliweka mkate, zeituni na jibini kabla sijaagiza kitu. Nikasema moyoni, ukarimu huo, nikala vyote. Vilikuwa kwenye bili. Si utapeli, ni desturi ya nchi nzima: vinaitwa couvert, unalipia ulichogusa. Usipovitaka, sema tu "não, obrigado" (mwanamke anasema "obrigada") na vitaondolewa bila kinyongo.

Nitembeeje mjini?

Kwa miguu, na viatu vyenye soli inayoshika. Njia za waendao kwa miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa mkono kwa maua na mawimbi. Ni vizuri kutazama, lakini mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni.

Kwa masafa, nunua kadi ya navegante kwenye mashine ya metro, itie pesa, na itumie kwenye metro, basi, tramu, feri na treni za karibu. Tramu ya manjano namba 28, ya mbao ndani, inapita vichochoro ambamo ukinyoosha mkono unagusa ukuta. Ipande saa moja asubuhi, au ipandie mwisho wa njia, Campo de Ourique. Mchana utasimama foleni saa nzima, na ndani wamo wezi wa mfukoni. Vigari vya kamba vya kupandia vilima ni vya kuulizia kwanza: mnamo Septemba 3, 2025 kile cha Glória kiliacha reli na watu 16 wakafariki.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni feri ya kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas. Dakika kumi, nauli ndogo, na imejaa watu wa kazini wenye mifuko ya sokoni, kama pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni. Watalii wanalipa pesa nyingi kwa mashua za machweo ilhali feri hii inaonyesha mji uleule, kutoka kwenye maji yaleyale.

## Pwani yetu ndani ya Lisbon

Dhahabu ya Kilwa iko wapi hasa, na ni kweli ya Kilwa?

Iko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Kitu chenyewe kinaitwa Custódia de Belém, chombo cha kanisani cha kuwekea ekaristi. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama aliingia Kilwa na mizinga na kumlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile, iliyokuwa imefika Kilwa kutoka bara kwa njia ya bandari ya Sofala, ilipelekwa Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel akamkabidhi sonara Gil Vicente, naye akamaliza kazi mwaka 1506.

Hatukisii. Imeandikwa juu ya chombo chenyewe. Zunguka kabati la kioo taratibu utaona herufi zinazopita ukingoni mwa kitako: zinasema kuwa mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa. Quíloa ndiyo Kilwa. Juu yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo wa kukaa kiganjani, nguo zao zimepakwa rangi ya kioo, na kila mmoja ana uso wake. Ni kazi ya ustadi ambayo sijaona mfano wake.

Nilikaa pale muda mrefu. Wageni wengine walipita, wakapiga picha, wakaenda. Mimi nilikuwa nalisoma lile neno moja. Mwaka 1505, kabla sonara hajamaliza, meli za Francisco de Almeida zilikuwa zimeurudia mji wa Kilwa na kuupora. Leo Kilwa Kisiwani ni magofu, Msikiti Mkuu umesimama na kuba zake na mbuzi wanalisha pembeni, na dhahabu iliyoitajirisha iko ndani ya kioo, na jina lake limeandikwa na walioichukua. Kama unaweza kwenda mahali pamoja tu Lisbon, nenda hapo. Na ukiwa na watoto, wape walisome wenyewe.

Hufungwa Jumatatu. Siku nyingine ni saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Belém kuna nini? Na kwenda kwenye kaburi la Vasco da Gama si kumtukuza?

Belém ni kitongoji cha magharibi, ukingoni mwa maji, ambako merikebu ziliondokea Julai 8, 1497. Pana nyumba ya watawa ya Jerónimos na mnara wa Torre de Belém, vyote vya mwanzo wa karne ya 16 na vyote viko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1983. Nguzo za Jerónimos zimechongwa kamba za meli, mafundo na viumbe vya baharini. Zilijengwa kwa ushuru wa biashara ya viungo, na ukizitazama unaelewa viungo vilikuwa na thamani gani.

Vasco da Gama amelala kanisani, karibu na mlango. Sijisikii kumtukuza nikisimama pale. Mtu anaweza kusimama kwenye kaburi la aliyemfahamu kwa ubaya, akajua tu kwamba naye alikuwa mtu na alikufa. Lakini ndugu yangu mmoja alikataa kuingia, akanisubiri nje kwenye bustani, na sikumlaumu.

Kinachonisumbua ni mnara wa mabaharia ulio jirani, Padrão dos Descobrimentos, uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960, wakati Ureno bado ilikuwa na makoloni. Watu 33 wamechongwa wakipanda kwenye omo la meli. Aliyewapokea Malindi na rubani aliyewaonyesha njia ya Kalikuti (Calicut), India, hawamo. Ukitaka upande ambao haukuchongwa, tembea mtaa wa Poço dos Negros, yaani Shimo la Weusi. Jina linatokana na amri ya Mfalme Manuel ya mwaka 1515 ya kuchimba shimo la kutupia maiti za watumwa.

Ni kweli Kiswahili kina maneno ya Kireno?

Mengi, na utayasikia hadharani. Meza ni *mesa*, bendera ni *bandeira*, kasha ni *caixa*, mvinyo ni *vinho*, nanasi ni *ananás*, parafujo ni *parafuso*, karata ni *carta*. Leso ni *lenço*, kitambaa cha mkononi. Gereza limetoka *igreja*, kanisa, na hilo peke yake ni somo zima.

Siku moja kitasa cha sanduku langu kilikatika. Niliingia duka la vifaa, sijui Kireno, nikamwonyesha mzee sanduku na kusema "parafujo". Akafungua droo, akatoa parafujo.

Na neno moja limekwenda upande wa pili. Kuku wa kuchoma wa *piri-piri* unayemkuta kila kona amechukua jina la pilipili yetu.

Ureno ilipigana vita Msumbiji. Hilo linaonekana Lisbon?

Linaonekana ukijua pa kutazama. Daraja jekundu linalovuka mto lilifunguliwa 1966 kwa jina la dikteta Salazar, na sasa linaitwa 25 de Abril. Tarehe hiyo, mwaka 1974, askari waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji waliipindua serikali. Waziri mkuu alijisalimisha kwenye kambi iliyopo Largo do Carmo, uwanja mdogo wenye kivuli ambao leo watu wanakunywa kahawa. Wananchi walichomeka maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Ua hilo kwa Kireno linaitwa *cravo*, na msomaji wa Unguja na Pemba atapenda kujua kwamba karafuu nayo wanaiita *cravo*.

Kwetu habari hii ni ya nyumbani. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969. Baba zetu wa kusini waliziona ndege za Wareno mpakani. Nenda makumbusho ya Aljube, karibu na kanisa kuu; jengo lake lilikuwa gereza la wapinzani wa Salazar. Jina ni la Kiarabu, *jubb*, kisima au shimo. Waliosoma Sura ya Yusuf wanalijua.

Mbona katikati ya mji mitaa imenyooka na Alfama imejipinda?

Novemba 1, 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko liliuangusha mji. Wimbi la bahari likafuata, kisha moto wa siku kadhaa. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, aliijenga upya Baixa, yaani katikati ya mji, kwa mitaa iliyonyooka na kuta zenye mifupa ya mbao ndani ili zicheze bila kuanguka. Kanisa la Carmo liliachwa bila paa hadi leo, na ukiingia unaona mbingu kati ya matao.

Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa. Ni mtaa wa wakati wa utawala wa Waislamu, uliodumu zaidi ya miaka 400 mpaka 1147, na jina lake linatokana na Kiarabu *al-hamma*, chemchemi za maji moto. Vichochoro vyake vimejikunja kama vya Mji Mkongwe au Lamu. Usitumie ramani. Shuka tu, utaishia kwenye maji.

## Chakula na ibada

Nitakula nini?

Samaki. Sardini wa kuchoma kiangazi, wa ukubwa wa kiganja, na chumvi ya mawe juu. Pweza wa kuoka na mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, laini kuliko nilivyodhani pweza anaweza kuwa. *Bacalhau*, samaki mkavu wa chumvi kutoka bahari za kaskazini: aliyezoea ng'onda ataielewa kazi yake, wanamloweka siku mbili ndiyo wampike. Kwenye vioo vya mikahawa utaona *chamuças*. Ndizo sambusa, zilizofika kwa njia ya Goa na Msumbiji.

Asubuhi kunywa *bica*, kahawa chungu ya kikombe kidogo, umesimama kaunta. Pembeni *pastel de nata*, kijisahani cha unga chenye kastadi ya kiini cha yai, ukiinyunyizia mdalasini. Duka la Belém linazipika tangu 1837. Kula ikiwa ya moto, midomo iungue kidogo.

Nitapata chakula cha halali na pa kuswali?

Ndiyo. Mitaa ya Mouraria na Martim Moniz ina mikahawa mingi ya halali ya Wabangladeshi na Wapakistani. Mouraria maana yake ni mtaa wa Wamori, walikowekwa Waislamu baada ya 1147, na leo adhana ya simu inasikika humo tena mifukoni mwa watu. Msikiti mkuu, wa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Wengi wa waliouanzisha walitokea Msumbiji. Waismailia wana kituo chao kikubwa, cha 1998.

Migahawani jihadhari na maneno haya: *porco* na *toucinho* ni nguruwe, *presunto* na *chouriço* pia, na *banha* ni mafuta yake, ambayo huingia hata kwenye baadhi ya vitafunio vitamu. Uliza, "tem banha?" Watakujibu ukweli.

## Bahari na nje ya mji

Naweza kuogelea?

Unaweza, ukivumilia. Maji ya Atlantiki hapa yana nyuzi 15 hadi 20 mwaka mzima. Mtu wa Bahari ya Hindi akitia mguu mara ya kwanza hupiga kelele. Mawimbi nayo yana nguvu na mkondo unavuta, hivyo tazama bendera: *verde* ni salama, *amarela* usiogelee, loweka miguu tu, *vermelha* usiguse maji.

Treni kutoka Cais do Sodré inafuata ufuo hadi Cascais kwa dakika 40 hivi. Kaa kushoto. Carcavelos ina mchanga mpana zaidi njiani. Ng'ambo ya mto ni Costa da Caparica, ufuo mrefu wa wenyeji.

Sintra na Cabo da Roca ni lazima?

Sintra ndiyo, siku moja, kwa treni ya Rossio, uende mapema. Cabo da Roca ni ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya. Pana upepo, jiwe na maji yasiyo na mwisho, na kwangu dakika ishirini zilitosha.

## Maswali ya pembeni

Naenda na mzazi mwenye magoti mabovu. Itawezekana?

Itawezekana mkikaa Baixa au Belém, kulikosawazika. Metro ya Baixa-Chiado ina ngazi za umeme zinazopanda mpaka Chiado, zinaokoa kilima kizima. Alfama ishukeni, msiipande: teksi iwaache Portas do Sol, kisha mteremke polepole. Na ngazi zenye utelezi za Cais das Colunas aziangalie kwa juu.

Mtu mweusi atatendewaje?

Lisbon ina watu wengi wenye asili ya Cabo Verde, Guinea-Bissau, Angola na Msumbiji. Hutatazamwa kama kioja. Wengi watakusemesha Kireno wakidhani wewe ni Mwangola. Ubaguzi upo, hasa kwenye kupangisha nyumba na kwa polisi wa vitongoji, na Waafrika wa pale watakueleza wenyewe. Nenda jioni Largo de São Domingos, karibu na Rossio, ambako wanakutana kuzungumza, wengine wanauza karanga na kola. Salimia. Mimi niliondoka pale saa nne usiku.

Mpira utafungua mazungumzo popote. Eusébio, mtoto wa Maputo, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1966 kwa mabao 9, amezikwa Panteão Nacional pamoja na wakuu wa nchi na mwimbaji wa fado (muziki wa jadi wa Ureno) Amália Rodrigues. Mlinzi aliponiuliza natoka wapi, nikasema Afrika Mashariki, akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye kaburi.

Nina saa saba tu kati ya ndege mbili. Inatosha?

Kwa kitu kimoja, ikiwa una viza ya kuingia na hubebi mzigo mkubwa. Panda metro nyekundu uwanjani, badilisha Alameda uchukue ya kijani hadi Cais do Sodré, kisha tembea dakika 20 kuelekea magharibi hadi Janelas Verdes. Nenda moja kwa moja kwenye Custódia, soma neno Quíloa, kunywa kahawa kwenye bustani ya makumbusho inayotazama maji, urudi. Weka saa tatu za akiba kwa ajili ya uwanja.

Ikiwa ni Jumatatu makumbusho yamefungwa. Basi shuka Cais do Sodré hapohapo, panda feri ya Cacilhas, simama upande wa kulia kwenye dirisha, na ukifika usitoke mbali: feri ya kurudi hukaa dakika chache tu.